Ini Halijengwi kwa Seli za Ini Peke Yake

Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Korkut Uygun, walichukua ini la panya buku na kulipitishia sabuni ya maabara kwenye mishipa yake, polepole, mpaka seli zote zikaoshwa. Kilichobaki ni kiunzi cheupe chenye umbo lile lile la ini na njia zile zile za damu, lakini kisicho na uhai. Kiunzi hicho wakakijaza seli mpya za ini, nazo zikashika, zikaanza kutengeneza protini ya albumini na urea kama ilivyo desturi yake. Wengi waliosoma habari hiyo waliona kwamba siku ya kuagiza ini jipya kutoka maabara imekaribia. Hata hivyo, panya waliopandikizwa maini hayo walikaa nayo kwa saa chache tu, na hadi leo hakuna mgonjwa anayepewa hospitalini ini zima lililoundwa na binadamu kama tiba ya kawaida. Ugumu wa kazi hiyo una sababu nyingi, kuanzia damu kuganda kwenye mishipa mitupu hadi wingi wa seli zinazohitajika. Nyuma ya sababu hizo lipo kosa la kimsingi la namna tulivyolielewa ini. Tumelichukulia kama fungu la seli za aina moja zinazofanya kazi za kemikali, ilhali ushahidi wa miongo mitano iliyopita unaonyesha kwamba ini ni ujirani wa seli za aina nyingi, na kwamba seli za kinga zilizomo humo zina usemi katika kila jambo: linavyougua, linavyopona, na linavyoweza kuundwa upya. Atakayezipuuza hatalitibu ini, sembuse kuliunda.

Kazi za ini zinazofahamika zaidi ni zile za kemikali. Huhifadhi sukari na kuiachia mwili unapoihitaji, hutengeneza nyongo ya kusaidia mafuta yasagike, huunda protini za kugandisha damu, hugeuza amonia yenye sumu kuwa urea inayotoka kwa mkojo, na huvunja dawa na pombe. Hizi ni kazi za seli kuu za ini, ambazo ni takriban asilimia 60 ya seli zote za kiungo hicho na sehemu kubwa zaidi ya uzito wake wa kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima. Lakini tuangalie damu inakotoka. Karibu robo ya damu yote ambayo moyo husukuma kila dakika hupita katika ini, na takriban robo tatu ya hiyo inayopita haiji moja kwa moja kutoka moyoni. Inatoka utumboni, imebeba chakula kilichosagwa, vipande vya bakteria, dawa tulizomeza, na mara nyingine sumukuvu ya mahindi au karanga zilizohifadhiwa vibaya. Ini basi ni forodha: shehena zote za utumbo hukaguliwa hapo kabla ya kuingia mwilini, na mkaguzi anayezuia kila kitu ni hatari sawa na yule anayepitisha kila kitu. Ukaguzi huo hauwezi kufanywa na seli zinazotengeneza nyongo na albumini peke yake.

Wakaguzi wenyewe walichelewa kutambuliwa. Mwaka 1876 mwanaanatomia wa Kijerumani Karl Wilhelm von Kupffer alitia rangi ya dhahabu vipande vya ini akaona seli zenye umbo la nyota. Zaidi ya miaka 20 baadaye alidhani kwamba seli hizo ndizo zinazomeza uchafu unaopita na damu. Kumbe alikuwa amechanganya seli za aina mbili. Zinazomeza ni makrofeji, seli za kinga zinazokaa ndani ya vijia vya damu vya ini, nazo ndizo zinazoitwa seli za Kupffer hadi leo. Idadi yake katika ini ni kubwa kuliko ya makrofeji katika kiungo kingine chochote. Zile za umbo la nyota ni nyingine kabisa, na ilikuwa 1971 ambapo Kenjiro Wake wa Japani alionyesha kwamba kazi yake ya kawaida ni kuhifadhi vitamini A. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ini likijeruhiwa, seli za nyota huacha kuhifadhi vitamini na kuanza kufuma nyuzi za kovu, na amri ya kuanza au kuacha kufuma hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye makrofeji zilizo jirani. Pamoja nazo zimo seli za kinga ziitwazo seli T, za aina kadhaa, seli zinazoua seli zilizoambukizwa virusi, na seli zinazotanda kuta za mishipa, ambazo nazo hushiriki kutambua kigeni na kisicho kigeni.

Kwa kuwa kila mlo huleta vitu vya kigeni, ini limejifunza uvumilivu kuliko viungo vingine. Mwaka 1969 daktari mpasuaji Roy Calne na wenzake huko Uingereza walieleza jambo lililowashangaza wengi: nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine mara nyingi waliishi nalo bila dawa za kushusha kinga, ilhali figo au ngozi iliyotoka kwa mnyama asiye ndugu ilikataliwa upesi. Zaidi ya hapo, ini lililopandikizwa liliweza kuusaidia mwili wa mpokeaji uvumilie viungo vingine vya mtoaji yule yule. Kwa binadamu mambo si mepesi kiasi hicho, na wengi waliopandikizwa ini hutumia dawa maisha yao yote. Hata hivyo, somo lilibaki: ini halikai likingoja hukumu ya mfumo wa kinga kutoka nje, bali lenyewe ni sehemu ya mfumo huo na huufundisha. Na pale mafundisho hayo yanapokwenda kombo ndipo magonjwa makubwa ya ini huanzia.

Mfano ulio wazi ni homa ya ini aina ya B. Ni rahisi kudhani kwamba virusi huingia katika seli za ini na kuzila hadi ini linaharibika. Ukweli ni kwamba virusi hivi vinaweza kuzaana ndani ya seli kwa miaka bila kuiua. Francis Chisari na wenzake huko California walifuga panya wenye chembe za urithi za virusi hivyo katika maini yao. Panya waliishi bila homa ya ini mpaka walipodungwa seli T zinazovitambua virusi, na hapo ndipo maini yao yakavimba na kuumia. Kinachojeruhi ini, kwa sehemu kubwa, ni vita vya kuvifukuza virusi. Halafu 1996 kikundi hicho kikaonyesha upande wa pili: seli T hizo hizo hutoa protini za ishara zinazoweza kuzima virusi ndani ya seli bila kuiua seli yenyewe. Jeraha na tiba vilitoka mkono mmoja. Ndiyo maana umri wa mgonjwa una uzito mkubwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, takriban mara 9 kati ya 10 virusi hubaki naye maisha yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, hali hiyo humpata chini ya mara 1 kati ya 20. Virusi ni vile vile na seli za ini ni zile zile. Kinachotofautiana ni ukomavu wa seli za kinga zinazokutana navyo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakazi wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi Kisumu na visiwa vya Uganda. Kichocho cha tumbo huletwa na minyoo inayotoka kwa konokono wa majini, ikapenya ngozi ya mvuvi, mwoga maji au mfua nguo, na hatimaye kuishi katika mishipa ya damu ya utumbo. Jike moja hutaga mayai mamia kwa siku. Mengi hupenya utumbo yakatoka na choo, lakini mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika vijia vyembamba. Minyoo yenyewe hailigusi ini kwa ubaya mkubwa. Ni mfumo wa kinga unaoyazingira mayai: seli T huita makrofeji na seli nyingine, zikajenga vinundu kuzunguka kila yai, na seli za nyota zikafuma nyuzi. Miaka ikipita, kovu hutanda kando ya mishipa inayotoka utumboni, shinikizo la damu katika mishipa hiyo hupanda, bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mgonjwa huweza kutapika damu hadi kufa. Mtu angesema, basi tuzime kinga hiyo. Lakini majaribio ya panya walioondolewa seli T yalionyesha kwamba vinundu visipojengwa vizuri, sumu zinazotoka kwenye mayai huua seli za ini zilizo karibu, na mnyama hufa mapema zaidi. Kovu linalomtesa mvuvi akiwa mtu mzima ndilo lililomwokoa akiwa mtoto. Kwa ugonjwa wa namna hii swali la kuuliza ni lini kinga ifanye kazi, kwa kiasi gani, na lini iache.

Swali hilo la wakati linajitokeza wazi zaidi ini linapopona. Mganga hajigangi, lakini ini hujiganga. Mwaka 1931 George Higgins na Reuben Anderson wa Marekani walikata theluthi mbili ya ini la panya buku, na katika wiki chache uzito wake ukarudi. Uwezo huo ndio unaomwezesha mzazi leo kumkatia mwanawe sehemu ya ini lake, na wote wawili wakabaki na ini la kutosha baada ya miezi michache. Ni rahisi kudhani kwamba seli kuu za ini hujiamulia zenyewe lini zigawanyike. Sivyo. Makrofeji za ini ni miongoni mwa za kwanza kutoa ishara, hasa protini mbili zinazojulikana kwa vifupisho TNF na IL-6. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na uwezo wa kutengeneza IL-6 hushindwa kuotesha ini vizuri baada ya kukatwa, na baadhi maini yao hufeli kabisa. Wakipewa protini hiyo, uoteshaji hurekebika. Hizi ni protini zile zile ambazo daktari akiziona zimepanda katika damu ya mgonjwa aliyelazwa husema mwili una uvimbe mkali. Kitu tunachokiita ugonjwa mahali pamoja ni amri ya kujenga mahali pengine.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ulitoka Edinburgh, Scotland, 2005. Kikundi cha John Iredale na wenzake kilitumia panya waliotengenezwa ili makrofeji zao ziweze kuondolewa kwa dawa wakati wowote mtafiti anaotaka. Walipoziondoa ini likiwa bado linajeruhiwa, kovu lilipungua. Walipoziondoa baada ya jeraha kukoma, wakati ambapo ini huanza kujisafisha, kovu lilikataa kuondoka. Seli zenye jina moja zilikuwa zimefanya kazi mbili zinazopingana, kulingana na siku zilipotazamwa. Baadaye watafiti wa mji huo huo walichunguza seli moja moja kutoka katika maini ya binadamu wenye afya na ya wenye sirosisi, yaani ini lililojaa kovu, zaidi ya seli 100,000, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yakaonyesha kwamba ndani ya maeneo ya kovu mna kundi la makrofeji lisiloonekana kwa wingi katika ini zima, lenye tabia ya kuchochea kovu. Maana yake ni kwamba neno makrofeji peke yake halitoshi. Kuna za kuwasha, kuna za kuzima, na nyingine hubadilika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tiba yoyote isiyotofautisha haya hupiga gizani.

Turudi sasa kwa wahandisi wa tishu. Tatizo lao la kwanza linajulikana katika kila maabara: seli kuu za ini zikitolewa mwilini na kuwekwa peke yake katika sahani, husahau kazi zake ndani ya siku chache. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sangeeta Bhatia na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba seli hizo zikipangwa bega kwa bega na seli za aina nyingine, zilidumu na kazi zake kwa wiki kadhaa. Mbinu hiyo imewawezesha watafiti kuotesha maabarani hatua ya malaria inayojificha katika ini kabla ya homa kuanza, jambo lenye faida ya moja kwa moja kwetu. Mwaka 2013 Takanori Takebe na wenzake wa Yokohama, Japani, walikwenda mbali zaidi. Walichanganya seli za ini changa zilizotokana na seli shina, seli za mishipa ya damu, na seli za tishu unganishi, wakaziacha zijipange zenyewe. Zikakusanyika kuwa vichipukizi vya ini, na zilipopandikizwa kwa panya, mishipa yake iliungana na mishipa ya panya ndani ya siku mbili, kisha zikaanza kazi za ini la binadamu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila hatua ya maendeleo katika fani hii imepatikana pale jirani mwingine alipoongezwa, na jirani ambaye bado hukosekana mara nyingi ni seli za kinga.

Upande wa pili upo pia ushahidi wa kushindwa. Makampuni mawili yalijaribu mashine za kusaidia ini zilizopitisha majimaji ya damu ya mgonjwa kando ya seli za ini zilizowekwa ndani ya vichujio, moja ikitumia seli za nguruwe na nyingine seli za binadamu zilizotokana na saratani ya ini. Jaribio kubwa la kwanza lilichapishwa 2004, la pili lilitangazwa 2018, na yote mawili hayakuthibitisha kwamba wagonjwa kwa jumla waliishi zaidi. Siwezi kusema kwamba kukosekana kwa seli za kinga ndiko pekee kulikoziangusha mashine hizo, maana hata wagonjwa wenyewe walikuwa mahututi. Lakini linganisha na kazi ndogo zaidi iliyofanikiwa. Mwaka 2022 kampuni ya Emulate ya Boston ilieleza majaribio ya vifaa vidogo vyenye mifereji, vilivyopandwa seli kuu za ini, seli za mishipa, seli za nyota na seli za Kupffer kwa pamoja. Vifaa 870 vilipimwa kwa dawa 27, na vilitambua asilimia 87 ya dawa zilizojulikana kudhuru maini ya watu ingawa zilikuwa zimepita majaribio ya wanyama, bila kuituhumu hata moja iliyo salama. Ini dogo lenye majirani wake lilisema ukweli ambao mnyama mzima hakuusema.

Hapo mpinzani makini atauliza: je, si seli za kinga hizo hizo zinazokataa viungo vilivyopandikizwa? Mhandisi anayeziongeza katika ini la kuundwa haongezi mafuta kwenye moto? Hoja hii ina nguvu, na ndiyo iliyowafanya wengi waziweke kando. Lakini inachanganya seli za kinga za mpokeaji, ambazo zipo mwilini mwake tupende tusipende, na seli za kinga za ini, ambazo kazi yake mojawapo ni kufundisha uvumilivu. Kuliacha ini bila seli zake za kinga hakuwaondoi wakataaji, kunawaondoa wapatanishi. Miongoni mwa wapatanishi hao ni seli T za kudhibiti, ambazo ugunduzi wake uliwapatia Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Tayari 2016 madaktari wa Hokkaido, Japani, walikuwa wameripoti wagonjwa 10 waliopandikizwa sehemu za ini kutoka kwa watu walio hai na kupewa seli za namna hiyo zilizooteshwa maabarani. 7 kati yao waliweza kuachishwa kabisa dawa za kushusha kinga. Watu 10 ni wachache, na 3 hawakufaulu. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye angemeza dawa ghali zenye madhara kwa figo hadi mwisho wa maisha yake, hiyo si hesabu ndogo.

Pingamizi la pili ni kwamba kuchezea kinga ni hatari, na kwamba yaliyofaulu kwa panya mara nyingi huanguka kwa watu. Ni kweli. Mwaka 2006 mjini London vijana 6 wenye afya waliojitolea kudungwa dawa ya majaribio iitwayo TGN1412, iliyolenga seli T, walipatwa na mlipuko wa kinga uliowapeleka wote wodi ya wagonjwa mahututi. Kwa upande wa ini, dawa ya cenicriviroc, iliyokusudiwa kuzuia makrofeji zisiingie katika ini lenye mafuta na kovu, ilileta matumaini katika jaribio la kati, kisha jaribio kubwa likasimamishwa kwa kukosa manufaa. Lakini tazama dawa hiyo ilifanya nini: ilifunga mlango kwa jumla, kana kwamba kila makrofeji inayoingia ni adui. Kushindwa kwake kunaafikiana na funzo la Edinburgh kuliko kulikanusha. Watafiti wa Edinburgh wenyewe walichukua njia ya kinyume: walitoa seli nyeupe za damu za mgonjwa mwenye sirosisi, wakazikuza kuwa makrofeji za kurekebisha, wakamrudishia. Jaribio la kwanza, lililochapishwa 2019, lilikuwa na watu 9 na lilionyesha usalama. La pili, la watu 50 hivi, lilichapishwa 2025: kipimo kikuu cha utendaji wa ini baada ya siku 90 hakikutofautiana vya kutosha kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Katika mwaka mzima wa kuwafuatilia, madhara makubwa ya ini na vifo vilitokea upande wa wasiotibiwa, si wa waliotibiwa. Huo si ushindi, bali ni sababu nzuri ya kufanya jaribio kubwa zaidi, na anayeuita tiba leo anawadanganya wagonjwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalotugusa zaidi. Nchi ambazo wagonjwa wao wanaomudu gharama husafiri India kutafuta upandikizaji, na wasiomudu hufia nyumbani, zina haja gani na makrofeji za kukuzwa na vichipukizi vya maabara? Si afadhali fedha ziende kwenye chanjo, vyoo na dawa za kichocho? Jibu langu ni kwamba chanjo, vyoo na dawa vitangulie, na kwamba ni elimu hii hii ya seli za kinga inayotuambia kwa nini vitangulie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B ya kudumu, na kwamba homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3. Kanda ya Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina B, lakini ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo waliopata chanjo wakati wa kuzaliwa. Ratiba ya kawaida ambayo nchi zetu zimeizoea huanza chanjo hiyo katika wiki ya 6. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, wiki 6 ni muda mrefu mno, kwa sababu kinga yake changa itakuwa imeshajifunza kuvivumilia. Pendekezo la kuchanja ndani ya saa 24 linaafikiana na elimu ya namna kinga ya mtoto inavyojifunza, na kila siku inayopotea ina bei yake.

Zaidi ya hapo, maswali ambayo sayansi hii haijayajibu yako kwetu kuliko kwingine. Maabara za Boston na Yokohama huotesha ini la mtu asiyewahi kuugua malaria wala kichocho. Ini la mkazi wa Ukerewe limepitiwa na vyote viwili tangu utotoni, na seli zake za kinga zimefunzwa na historia hiyo. Dawa za kifua kikuu kama isoniazidi, zinazoweza kudhuru maini ya baadhi ya watu, humezwa na wagonjwa wetu kwa miezi, mara nyingi pamoja na dawa za kupunguza makali ya VVU. Vifaa vya kupima dawa vinavyopandwa seli za watoaji wa Ulaya na Marekani pekee vitatuambia habari za maini ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu taasisi za utafiti wa afya za NIMR ya Mwanza, KEMRI ya Kisumu na UVRI ya Entebbe, ambazo zimefanya utafiti wa kichocho kwa miaka mingi, zina kitu ambacho maabara tajiri hazinacho: jamii zinazofahamika, kumbukumbu za muda mrefu, na ugonjwa unaoonyesha jinsi kinga inavyofuma kovu na jinsi kovu linavyoweza kupungua dawa ikitolewa mapema. Kuwaachia wengine uchunguzi huo ni kukubali kwamba tutanunua baadaye majibu ya maswali ambayo hayakuwa yetu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Ini zima la kuundwa halitafika karibuni, na likifika litakuwa limejengwa na watu waliokubali kwamba seli za kinga ni sehemu ya ini, si wageni wake. Kabla ya siku hiyo, tiba zitakazofika kwanza ni zile zitakazojua kuiamuru kinga ijenge pale inapobomoa. Serikali za Afrika Mashariki zinaweza kuanza leo kwa mambo mawili yasiyohitaji maabara ya Yokohama: chanjo ya homa ya ini B kwa kila mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na bajeti ya kudumu kwa wataalamu wetu wa kinga badala ya kungoja miradi ya wafadhili. Nawe msomaji, kama hujawahi kupima homa ya ini B, nenda kapime. Kama mna mjamzito nyumbani, hakikisheni naye amepimwa na muulize kituoni kuhusu chanjo ya mtoto siku ile ile atakapozaliwa.